Vifundo Kumi na Moja

Korogwe, Jumanne 1 Machi 1983

Nimeanza kuandika tena. Daftari la mwaka jana liliisha Novemba na madukani hakukuwa na jingine hata la dawa. Hili kaniletea mke wangu Rosina kutoka shuleni anakofundisha, na ameniambia nisilichafue kwa grisi. Tayari limeshachafuka.

Leo Kombi ya zahanati ya Kwembogo imerudi karakanani. Dereva wake ni Athuman Mdoe, Mzigua wa upande wa Mazingara, mtu wa maneno mengi. Anasema inazimika njiani yenyewe, bila kukohoa, kama mtu kageuza ufunguo. Anakaa nusu saa, inawaka tena. Nimeiendesha hadi daraja la mto Pangani na kurudi, mara tatu. Haikuzimika hata mara moja.

Hii si kama Kombi nyingine za hapa mjini. Haina kabureta. Umeme ndio unaozungusha pampu ya mafuta na umeme ndio unaofungua nozeli zinazonyunyizia injini mafuta. Wafadhili walikuja nayo kutoka kwao, usukani uko kushoto, na kitabu chake ni cha Kijerumani. Mafundi wenzangu hapa mtaani Manundu wanaiogopa. Mimi siiogopi.

Nilifungua mlango wa injini nikaangalia kazi yangu ya Januari. Tepu ya nyaya haipatikani tangu mwaka jana, kwa hiyo nyaya zote za injini nilizifunga pamoja kwa kamba ya katani, vifundo kumi na moja, nikazikaza kwenye chuma zisisuguane. Baba alikata mkonge miaka kumi na tisa na alinifundisha fundo la kufungia matita, lile lisilolegea. Bado limekaa safi. Nilifurahi kuliona.

Athuman kaniachia chupa ya asali. Sikumwomba. Dereva anayekuja na hadithi na asali kwa pamoja namtazama mara mbili.

Alhamisi 3 Machi

Rosina analalamika kamba ya nguo imelegea, shuka zinaburuta chini. Nimeikaza.

Jumatatu 14 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Masika yameanza kweli.

Kombi imezimika mara mbili wiki iliyopita, zote kwenye njia ya udongo baina ya Mkata na Kwembogo. Athuman kaileta tena leo asubuhi, jua limewaka, Kombi inaunguruma vizuri kabisa.

"Fundi, nakuapia, inazimika."

"Mbona kwangu haizimiki?"

"Labda inakuogopa."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nimepima betri, fyuzi zote, plagi, koili, platini, na waya wa ethi nimeupiga msasa. Nilichukua ndoo mbili za maji nikamwaga juu ya injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu ubovu wa mvua mara nyingi ni maji kuingia kwenye umeme wa plagi. Haikutikisika. Nikaifuta, nikaandika kwenye karatasi ya zahanati: gari halina ubovu. Nikatia sahihi, Simeo, fundi umeme.

Ijumaa 18 Machi

Kamba ya nguo imeng'oa msumari ukutani. Nimepigilia mrefu zaidi.

Jumamosi 26 Machi

Redio haisemi kitu kingine ila wahujumu uchumi. Jirani amelala na sabuni zake chini ya kitanda, amezinunua kwa jasho lake na bado anaziogopa.

Leo amekuja Ndugu Sadala, katibu wa kijiji cha Kwembogo. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata kwenye matope haya. Ndiye aliyezunguka maofisini miaka miwili mpaka kijiji kikapewa ile Kombi, na anaijali kuliko ng'ombe wake. Alitaka kujua jambo moja.

"Ndugu fundi, gari hili ni bovu au si bovu?"

"Nimelipima mara mbili. Ni zima."

"Basi kwa nini linasimama nusu saa porini?"

"Hilo muulize dereva," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru. Nilimwona akiandika kwenye kijitabu chake akielekea stendi.

Alhamisi 31 Machi

Jua kali. Kamba imelegea tena. Rosina ananiuliza kama mimi ni fundi wa kweli au wa kusingizia. Nikamwambia kamba yenyewe haijui inachotaka.

Jumapili 3 Aprili

Pasaka. Kanisani watu wengi, mvua kubwa zaidi ya mahubiri.

Jumatano 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana kule Kwembogo mwanamke mmoja, Chausiku, alishikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto akawa amekaa vibaya. Nesi wa zahanati, Hajira, alimpakia kwenye Kombi waje hospitali huku mjini. Walivuka korongo salama. Wakaendelea, na kabla ya kufika lami Kombi ikazimika. Athuman alifungua injini, akagusa kila waya anaoujua na asioujua, mvua ikimpiga mgongoni. Haikuwaka. Wakakaa dakika arobaini. Ilipowaka mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, miguu kwanza, na hakulia. Chausiku walimfikisha hospitali akiwa amemwaga damu nyingi. Yu hai.

Haya kanisimulia Nesi Hajira mwenyewe. Amekuja karakanani kwa miguu, gauni jeupe limejaa matope hadi magotini.

"Fundi, gari hili uliliandikia kwamba ni zima."

"Nililiangalia, sista."

"Sikuulizi kama uliliangalia."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia badala ya kunijia juu mimi, akamuulize Athuman anapata nini kila anaposimama porini. Hajira alikuwa ndani ya gari. Alimwona Athuman akilia. Alinitazama kama mtu anayetazama kidonda, akaondoka bila kuaga.

Sikuweza kula. Rosina aliuliza mara moja tu kisha akaniacha.

Ijumaa 15 Aprili

Kombi imeletwa ikivutwa na lori, ingawa ingewaka. Sadala hakutaka mtu aiwashe. Katika gari walikuta madebe mawili ya asali, na Athuman sasa yuko mahabusu Handeni. Wanasema alikuwa anasimama porini kukutana na walanguzi, na kwamba kwa tamaa hiyo mtoto wa watu amekufa.

"Nani kasema alikutana na walanguzi?" nikauliza.

Sadala alifungua kijitabu. "Gari ni zima, muulize dereva. Tarehe ishirini na sita Machi. Ni maneno yako, ndugu fundi."

Tarehe thelathini kutakuwa na mkutano wa kijiji. Anataka nifike na maandishi: gari lina ubovu, au halina. Lisipokuwa na ubovu, jalada la Athuman linapelekwa mkoani kwa wanaoshughulikia wahujumu, na wanaokwenda huko sasa hivi hawarudi wiki hiyo wala mwezi huo. Ana watoto watano. Sadala aliyasema haya bila furaha, hilo nakiri.

Nina siku kumi na tano.

Jumamosi 16 Aprili

Sijapata kitu.

Jumatatu 18 Aprili

Nimevuta kila waya kwa mkono injini ikiwa inawaka. Nimegonga kila sanduku kwa mpini wa bisibisi. Nimekaa na taa ya kupimia mapajani saa tatu nzima nikingoja izimike. Taa haikupepesa. Mvua inanyesha nje, mimi na Kombi tuko chini ya bati, wakavu.

Jumatano 20 Aprili

Hakuna. Nimemkaripia Rosina kwa sababu ya chai.

Jumamosi 23 Aprili

Nimepanda mlima hadi Lutindi na kitabu cha Kijerumani kwapani. Kule kuna Mzee Gregori, aliyefanya kazi misheni tangu ujana na anasoma lugha hiyo. Mvua imekata njia mahali pawili, nimetembea zaidi ya nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimezoea kusoma Zaburi, leo unaniletea pampu."

Alisoma kwa kidole, polepole, akiguna. Maneno mengi hakuyajua, ila mchoro mmoja tuliuelewa kwa pamoja. Kuna rilei moja nyuma ya injini, kijisanduku kidogo cha kuwasha na kuzima, na waya mmoja mwembamba unaoingia hapo. Waya huo ukiachia, pampu na nozeli zote zinakufa kwa mara moja. Bila kukohoa. Kama mtu kageuza ufunguo.

Nilisimama pale kibarazani kwake nikasikia maneno ya Athuman ya tarehe mosi Machi kana kwamba ndiyo kwanza anayasema. Mtu mwongo angewezaje kubuni ubovu unaofanana hivyo na mchoro wa Kijerumani?

Jumatatu 25 Aprili

Rilei nimeifungua. Ni safi, waya umekaa mahali pake. Lakini sasa najua pa kutazama, na nimeona aibu kwamba sijawahi kumuuliza mtu aliyekuwamo. Nikapanda basi la Handeni.

Wamenipa dakika chache naye. Amekonda, maneno yamemwisha. Hakuniamkia wala hakuniita fundi.

"Mara mbili umesema gari langu ni zima," alisema. "Ya tatu ukitaka kusema hivyo, waambie wao. Usije kuniambia mimi."

"Inazimika wapi hasa, Athuman?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

"Nikivuka korongo. Si pale penye maji. Navuka vizuri, naenda dakika kumi, kumi na tano, nimeshasahau kama kulikuwa na maji. Ndipo inazima. Halafu injini yenyewe ina moto, inakaa, inakaa, inawaka. Si nilikueleza yote tangu Machi? Wewe ulikuwa unaitazama chupa ya asali."

"Na yale madebe?"

"Ya wazee wa Kwembogo. Wanampelekea Hajira ya kuwapaka watoto vidonda, dawa hakuna. Ukitaka, kamuulize."

Sikuhitaji kumuuliza. Chupa yangu ipo bado kabatini, sijaionja. Nilidhani ni rushwa.

Jumatano 27 Aprili

Nimejua.

Mchana nilirudi nyumbani kula. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika. Nilikuwa mezani, nawaza: maji, kisha dakika kumi na tano. Mimi Machi nilimwaga ndoo mbili, nikafuta, nikaandika kwamba ni zima. Sikungoja. Ni kitu gani kinacholowa sasa na kuleta shida baadaye? Mara nikasikia kishindo nje na Rosina akipiga kelele. Ule msumari mrefu umetoka na kipande cha ukuta, na shuka zote ziko kwenye tope.

"Simeo, kamba yako hii ikilowa inajikaza yenyewe! Wiki nzima nakuambia. Jua likitoka inalala, mvua ikinyesha inavuta ukuta!"

Nilitoka nje na tonge mkononi. Nikaitazama ile kamba. Katani. Nimeisokota mwenyewe.

Nilikwenda karakanani karibu kwa kukimbia. Nikawasha Kombi, nikalowesha matambara nikayazungusha kwenye vile vifundo vyangu, nikakaa chini na saa. Dakika ya tano hakuna. Dakika ya tisa nikaona kamba imejaa, imenenepa, inazivuta nyaya kuelekea kwenye chuma. Dakika ya kumi na mbili injini ikazima. Nilichungulia. Waya mwembamba wa rilei ulikuwa umevutwa nje upana wa punje ya mtama. Kiasi hicho tu. Nikaondoa matambara, nikangoja. Moto wa injini ukaikausha kamba, ikalegea, waya nao ni mgumu, ukarudi wenyewe mahali pake. Dakika ishirini na tano. Nikageuza ufunguo, ikawaka.

Nilizima nikakaa chini kwenye sakafu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Ni mimi." Kisha nililia, na sijalia tangu tumzike baba.

Alhamisi 28 Aprili

Leo nimeandika barua mbili.

Ya kwanza inasema waya wa rilei uliachia kwa sababu ya uzee wa gari, nimeurekebisha. Kila neno ndani yake lingeaminika. Athuman angetoka. Kamba ningeikata kwa wembe, ningeichoma pamoja na takataka za karakana, na hakuna mtu Handeni wala Korogwe ambaye angejua. Ningeendelea kuwa fundi pekee asiyeiogopa Kombi ya Kijerumani.

Rosina ameisoma akiwa anasahihisha madaftari ya watoto. Ameirudisha mezani.

"Inamtoa Athuman?" akauliza.

"Inamtoa."

"Na yule mama atakapouliza mwanawe kafa kwa nini, ataambiwa kwa uzee wa gari?"

Aliendelea kusahihisha. Nimeandika ya pili.

Jumamosi 30 Aprili

Naandika haya nikiwa Kwembogo, kwenye benchi la zahanati, mkono unauma.

Nilitoka Korogwe alfajiri peke yangu na Kombi, vifundo vyote mahali pake. Nilitaka wavione. Lami ilikuwa njema. Baada ya Mkata nikaingia njia ya udongo, nikapita madimbwi maji yakirukia hadi kwenye injini, na baada ya dakika kumi na tatu ikazima. Nilijua itazima. Ilibidi ningoje. Pale kando ya njia kuna mti uliovunjwa matawi, na chini yake kipande cha kanga kimezama kwenye tope. Ni hapahapa walipokaa. Mimi nilikaa dakika thelathini na moja, mkavu, bila uchungu wowote mwilini, na sikuweza kukaa ndani ya gari.

Nilipofika mkutano ulikuwa umeanza na minong'ono imeanza kwamba fundi ametoroka. Athuman alikuwa ameletwa na askari, ameketi chini. Hajira alisimama nyuma ya Chausiku. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Chausiku. Ni binti mdogo, amejifunga kifua kwa kitambaa, kwa sababu maziwa hayajui kwamba hakuna mtoto.

Ndugu Sadala akasema, "Ndugu fundi, mstari mmoja tu. Bovu au si bovu?"

"Bovu," nikasema. "Na aliyeliharibu ni mimi."

Nikaomba ndoo ya maji na matambara. Nikawasha injini, nikalowesha kamba mbele yao, nikawaambia tungoje. Hakuna jambo gumu kama kungoja mbele ya watu mia mbili gari lizime, nalo linaunguruma vizuri. Dakika tano. Nane. Mzee mmoja akasema kwa Kizigua jambo lililowachekesha watu. Kumi. Askari akatazama saa yake. Nilianza kuogopa kwamba leo haitazima, kwamba ingenifanya mwongo kama ilivyomfanya Athuman. Yeye peke yake hakuangalia injini. Alikuwa anasikiliza, ameinamisha kichwa.

"Sasa," alisema Athuman.

Ikazima.

Nikawaonyesha ule waya. Sadala aliinama, akachafua goti la suruali yake, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alitoa kijitabu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine. Kisha akamwendea Athuman akamshika mkono kumwinua. "Nilikosa, ndugu yangu," alisema. Nilisubiri anigeukie mimi, lakini aliyenisemesha alikuwa Chausiku.

"Shikamoo baba."

Nilifuta mikono kwenye suruali. Hajira alinisogelea, akasubiri niitikie.

"Marahaba, mwanangu."

"Kamba hiyo umeifunga wewe?"

"Mimi."

"Ulifunga vizuri?"

Watu wote walisikiliza. Ningeweza kusema nilifanya haraka, tepu ilikosekana, hali ya nchi. Tepu ilikosekana kweli.

"Nilifunga vizuri sana," nikasema. "Nilijivunia."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Kisha akavuta kigoda akakiweka nyuma ya Kombi, akaketi akiegemea mkono wa Hajira.

"Basi fungua," alisema. "Usikate. Fungua hivyohivyo ulivyofunga, nikiona."

Katani iliyolowa haifunguki. Kisu nilikuwa nacho mfukoni. Nilipiga magoti kwenye tope nikaanza na cha kwanza, na kucha zangu mbili zikatoka kabla sijafika cha nne. Hakuna aliyeondoka. Athuman alikuja akapiga magoti upande wa pili, akanyoosha mkono anisaidie. Chausiku akasema, "Mwache," na Athuman akaurudisha mkono, lakini hakuinuka.

Nilifungua vyote kumi na moja. Vilinichukua mpaka adhuhuri, kwa sababu nilivifunga vizuri.